Rebel 500, Vulcan S au Super Meteor 650? Anza na kiti cha nyuma

SWALI: Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa nne kwenye pikipiki ya cc 150, na nimeamua kuhamia kruza, zile pikipiki ndefu zenye kiti cha chini. Nimechuja nikabaki na tatu: Honda Rebel 500, Kawasaki Vulcan S na Royal Enfield Super Meteor 650. Nikizisoma kwenye karatasi naziona kama watoto wa tumbo moja: silinda mbili, gia sita, cheni. Nina urefu wa sentimita 165 na uzito wa kilo 68. Siku za kazi natembea peke yangu, kilomita 40 kwenda na kurudi, nyingi zikiwa za foleni. Mara mbili kwa mwezi tunasafiri na mke wangu kilomita 200 hadi 300, na njiani kuna vipande vya lami iliyochakaa. Moyo wangu umeegemea Vulcan S kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko wenzake. Je, nipo sawa?

JIBU: Ndugu yangu, umenitajia urefu wako, uzito wako, kilomita zako na hali ya lami. Shemeji umemtaja mara moja tu, tena bila urefu wala uzito. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie, kwa sababu pikipiki zilizokaribiana kiasi hiki hazitenganishwi na injini. Zinatenganishwa na kiti cha nyuma, na jinsi unavyoimudu ikiwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Lakini najua hutanisikiliza mpaka tumalize habari ya nguvu, kwa hiyo tuimalize kwanza. Injini ya Rebel ina cc 471, ni ile ile ya ukoo wa CB500, na inatoa takriban nguvu farasi 46 kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika. Ya Vulcan S ina cc 649, imetoka kwenye Ninja 650, pikipiki ya mwendo ya Kawasaki, inafika farasi 61 kwenye mizunguko 7,500. Super Meteor ina cc 648, damu moja na ndugu zake wa Royal Enfield, Interceptor 650 na Continental GT 650, inatoa farasi 47 kwenye mizunguko 7,250. Wewe unatoka kwenye cc 150. Hata iliyo dhaifu katika hizi tatu ina zaidi ya mara mbili ya nguvu uliyoizoea, na kwa foleni za kila siku hutaimaliza nguvu ya yoyote kati yake.

Angalia badala yake nguvu hiyo inakaa wapi. Msukumo wa kuzungusha gurudumu, ule unaopimwa kwa Nm, kwenye Vulcan S unafika kileleni, Nm 63, injini ikiwa kwenye mizunguko 6,600. Kwenye Super Meteor kilele ni Nm 52, lakini kinakuja mapema, mizunguko 5,650, na sehemu kubwa ya msukumo huo unaipata chini zaidi ya hapo. Krenki yake, chuma kinachozungushwa na pistoni, imepangwa kwa nyuzi 270, hivyo mapigo ya injini yanapishana kama ya injini yenye umbo la V la nyuzi 90. Unaisikia ikivuta taratibu, bila haraka. Vulcan S imerithi tabia ya pikipiki ya mwendo: inapenda kuzungushwa, na utamu wake unaanza sindano ikishapanda. Rebel ipo katikati, laini na isiyo na vituko.

Vulcan S ina haki yake mahali pamoja, nami siwezi kuificha. Mkiwa wawili na begi, mnataka kulipita lori kwenye mpando, farasi wale 14 au 15 wa ziada utawaona. Kwenye Super Meteor itabidi upange mapema: ushuke gia, usubiri nafasi ndefu zaidi. Kama safari zenu zimejaa milima na malori, liweke hili kwenye mizani. Kama ni tambarare, lisikusumbue.

Sasa twende kwenye mwendo wa kutembea. Pikipiki yako ya sasa, kama zilivyo nyingi za cc 150, ina kilo 130 au 140 hivi. Rebel ina takriban 190. Vulcan S inakaribia 230. Super Meteor ina 241. Zikishapata mwendo uzito huo hauuhisi, kwa sababu magurudumu yenyewe yanaibeba pikipiki wima. Unauhisi unapoirudisha nyuma kwenye maegesho yenye mteremko, unapogeuza kwenye njia nyembamba, unaposimama ghafla usukani ukiwa umekatwa upande.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye misuli yake, alinunua kruza ya kilo 250 na ushei. Barabarani hakuwahi kuanguka. Alianguka akiwa amesimama. Mguu wa kushoto ulikanyaga kokoto ukateleza, pikipiki ikainama kupita ule mpaka mdogo ambao mguu unaweza kuuzuia, na baada ya mpaka huo hakuna mwenye nguvu. Ililala chini taratibu huku yeye bado ameishika, na ilibaki kidogo imlalie mguu. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza kuhusu kruza namwambia: kabla hujauliza inakimbia kiasi gani, jua kwanza unaisimamishaje.

Kwa urefu wako wa sentimita 165, kimo cha kiti kina maana, ila kisikudanganye. Rebel ni milimita 690, Vulcan S 705, Super Meteor 740. Ukizisoma namba hizo utadhani jambo limekwisha. Halijaisha, kwa sababu kiti kipana kinayatanua mapaja na kukuibia urefu wa mguu, na namba ya kimo haikuambii upana. Super Meteor ni pana kiunoni. Mtu wa urefu wako huenda akafikisha nyayo zote chini, huenda akagusa kwa sehemu ya mbele ya nyayo tu. Inategemea urefu wa mguu wako wa ndani, kutoka kwenye kinena hadi sakafuni, na viatu unavyovaa kwa safari. Jipime ukiwa na viatu hivyo hivyo, si malapa. Rebel nayo ina jambo lake dogo: vikanyagio vyake havijasogezwa mbele sana, vipo karibu na pale mguu unapotaka kushuka, na wengi hugongwa muundi kila wanaposimama. Baada ya wiki mbili mwili hujifunza kuupitisha mguu mbele yake.

Vulcan S ina faida ambayo wenzake hawana. Kawasaki waliiita Ergo-Fit: vikanyagio vinahamishwa sentimita mbili na nusu mbele au nyuma ya mahali pa kawaida, na kuna viti na usukani vya vipimo tofauti vya kuchagua ili ikufae mwili. Watu wengi wananunua iliyopangwa kwa mtu wa wastani, wanaendesha miaka mitatu wakinyoosha mikono na miguu, wala hawajui kwamba ingeweza kusogezwa. Kwa mtu wa kimo chako hili ni jambo kubwa.

Ila tazama pia urefu wake. Toka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, Vulcan S ni milimita 1,575. Super Meteor ni 1,500 na Rebel 1,490. Foki zake, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, zimelala zaidi pia, nyuzi 31, wakati wenzake wapo kwenye 28 au pungufu kidogo. Kwenye barabara iliyonyooka hiyo ni raha, inakwenda kama imewekwa kwenye reli. Kwenye foleni, pale unapojipenyeza kati ya magari na kugeuka papo hapo, inataka nafasi kubwa zaidi. Rebel ndiyo bingwa wa foleni hapa, bila ubishi. Ni nyepesi, fupi, na tangu toleo la 2020 ina klachi laini isiyochosha mkono wa kushoto. Super Meteor nayo klachi yake ni ya aina hiyo. Haina rejeta ya maji, inapozwa kwa hewa na oili, kwa hiyo kwenye foleni ndefu ya jua kali utaisikia joto mapajani. Hizo mbili nyingine zina maji na feni.

Nimefika kwa shemeji.

Kwenye kruza, abiria anakaa karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Wewe upo katikati ya magurudumu mawili, kila shimo linakufikia limegawanyika. Yeye analipokea lote. Ongeza kwamba kruza kwa asili yake hukaa chini, na kinachokaa chini hakina nafasi kubwa ya springi kucheza. Gurudumu la nyuma la Vulcan S linacheza milimita 80 tu. La Super Meteor milimita 101. Rebel ipo kati ya hizo. Milimita 20 ni kitu kidogo ukikitazama kwenye rula, lakini kwenye lami yenye mashimo ndiyo tofauti kati ya springi kumeza shimo na springi kugota mwisho, na ikigota, anayepigwa ni uti wa mgongo wa aliye nyuma. Nyinyi wawili mna, nikikadiria, kilo 130 bila begi. Springi zitakuwa zimeshalala kiasi kabla hata hamjaondoka.

Gurudumu la mbele la Super Meteor ni la inchi 19, la Vulcan S 18, la Rebel 16. Gurudumu kubwa linavuka shimo, dogo linaingia ndani yake. Kwa vipande vyako vya lami iliyochakaa, hili nalo liko upande wa Super Meteor. Nikuambie pia upande wake mgumu: ukiwa peke yako, springi zake za nyuma ni kavu, zinakurusha kwenye matuta madogo. Mkiwa wawili zinatulia. Ni kama zimetengenezwa kwa kubeba.

Halafu kiti chenyewe. Kiti cha nyuma cha Rebel ni kipande kidogo kilichobandikwa juu ya madigadi. Katika baadhi ya nchi Rebel huuzwa ikiwa ya mtu mmoja, na kiti cha abiria pamoja na vikanyagio vyake unavinunua pembeni. Hiyo pekee inakuambia waliokusudiwa ni kina nani. Cha Vulcan S ni kikubwa kidogo, lakini bado ni cha kumpeleka mtu mjini, si cha kilomita 300. Super Meteor imetengenezwa tangu mwanzo kwa watu wawili, na toleo lake la Celestial linatoka kiwandani likiwa na kiti kipana cha safari, mgongo wa kuegemea na kioo cha kukinga upepo.

Usiupuuze huo mgongo wa kuegemea. Kila unapofungua mafuta, abiria anavutwa nyuma. Asipokuwa na cha kuegemea, anajishikilia kwa misuli ya tumbo na kwa kiuno chako, safari nzima, kila gia, kila taa. Kwa kilomita 30 hatalalamika. Ikifika 120 atakuwa anakuomba msimame anyooshe miguu, na mwezi unaofuata atakuwa na sababu nzuri ya kutosafiri. Nimeona wanandoa wengi wakiishia hapo, mume akidhani mke hapendi pikipiki, kumbe hapendi kile kiti.

Kuhusu tangi nitapita haraka. Rebel inabeba lita 11.2, Vulcan S 14, Super Meteor 15.7. Honda wenyewe wanaikadiria Rebel kwenye lita 3.7 kwa kilomita 100, yaani kama kilomita 300 mpaka ikauke kabisa. Mkiwa wawili na upepo wa mbele, hesabu 230 kisha tafuta kituo. Hizo mbili ukizipa lita 4.5 kwa kilomita 100, Vulcan S inakaribia 310 na Super Meteor 350. Kwa safari zako, Super Meteor inaenda bila kujaza njiani, Rebel lazima usimame zikikaribia 300.

Breki: chukua yenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki kwa nguvu. Super Meteor inayo tayari, lakini Rebel na Vulcan S zimeuzwa za aina zote mbili, kwa hiyo hakikisha kwenye pikipiki yenyewe, si kwenye tangazo. Tafuta pete yenye matundu karibu na diski, na taa ya ABS inayowaka ukifungua swichi kisha inazimika ukianza kutembea. Taa isiyowaka kabisa si habari njema. Huenda kuna aliyeing'oa ili kuficha kosa.

Nikiwa kwenye kuhakikisha, kuwa makini na majina. Ukoo mmoja wa kruza unaweza kuwa na mashine tofauti chini ya jina lile lile. Honda Shadow 750 ni mfano mzuri: Aero inatumia shafti, fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, ambayo haitaki kupakwa oili wala kukazwa, na Spirit ya 2007 kuendelea inatumia cheni. Kwa mbali ni ndugu, kwa fundi ni vitu viwili. Kwako wewe, ulizia Super Meteor ni toleo gani kabla ya kulinganisha bei, kwa sababu isiyo na kiti kile cha safari wala kioo si ile niliyokusifia hapo juu.

Na kwa kuwa zote tatu ulizozichagua ni za cheni, jizoeze kuipaka oili kila baada ya kilomita 500 hadi 700, na mapema zaidi ikinyeshewa. Pima ulegevu wake kwa kufuata kitabu cha pikipiki, halafu kabla ya safari ya wawili utazame tena. Springi zikilala kwa uzito, gurudumu la nyuma linahama kidogo na cheni inakaza. Cheni iliyokuwa sawa ukiwa peke yako inaweza kuwa imebana mno mkiwa wawili, na inayoumia ni beringi. Kwa upande wa vali, milango midogo ya injini inayoingiza hewa na kutoa moshi, Super Meteor hurekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi makini anaimaliza kwa zana za kawaida. Rebel na Vulcan S zinatumia vipande vya chuma vinavyopimwa unene na kubadilishwa, kazi ya mara chache zaidi lakini inayotaka mtu anayeijua.

Jambo la leseni, kwa ufupi: nchi nyingi za Ulaya zina ngazi ya kati inayoishia kilowati 35. Rebel na Super Meteor zinapita chini ya mstari huo. Vulcan S ina 45, hivyo lazima ipunguzwe nguvu. Kama leseni yako ina kikomo cha namna hiyo, sababu iliyokupeleka kwa Vulcan S imekufa kabla hujainunua.

Sasa siku ya kwenda kuziona, nenda na shemeji. Usiende na rafiki. Vaa viatu vya safari, naye avae vyake. Kwa kila moja, ikiwa imezimwa, iinue kutoka kwenye stendi, ukate usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uone kama mkono wa mbali bado unafika bila bega kuondoka mahali pake. Irudishe nyuma hatua kumi kwa miguu ukiwa umekaa. Kisha shemeji apande. Anapopanda, atakanyaga kikanyagio cha upande mmoja kwa uzito wake wote, na hapo ndipo utajua kama kilo 241 na kiti cha milimita 740 unavimudu. Ukiona miguu inatafuta ardhi, usijidanganye kwamba utazoea.

Mkishakaa wote wawili, kaeni dakika 20. Ongeeni. Usimuulize kama kinamuuma. Subiri aseme mwenyewe, na uangalie kama anajisogeza. Magoti yake yakipanda juu kuliko kiuno, vikanyagio vyake viko juu mno na safari ndefu itamfunga nyonga. Muuzaji akiruhusu, endesha kidogo mkiwa wawili kwenye barabara mbaya, si ile laini iliyo mbele ya duka. Kabla ya hapo mwombe akuoneshe kwenye kitabu cha pikipiki uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kubeba. Jumlisha wewe, yeye, helmeti, nguo nzito na begi, uone unabakiwa na kilo ngapi.

Uamuzi wangu, kwa uliyoniandikia: Super Meteor 650, toleo la Celestial, kama unaifikia chini vizuri shemeji akiwa amepanda. Siku za kazi utaubeba uzito usiouhitaji, na hiyo ni gharama halisi ambayo utailipa kila asubuhi kwenye foleni. Naiona inalipika, kwa sababu safari zenu mbili za kila mwezi ndizo zilizokufanya utake kruza. Kwa foleni peke yake ungebaki na cc 150.

Ikikushinda kwa kimo, basi chukua ile uliyoipenda, Vulcan S, lakini si kwa sababu ya farasi 61. Ichukue kwa sababu inaweza kusogezwa ikufae, na usilipe kabla vikanyagio na kiti havijapangwa kwa urefu wako. Tenga pia fedha za kiti kingine cha nyuma na mgongo wa kuegemea siku hiyo hiyo, visiwe vya baadaye. Ongeza ukali wa springi ya nyuma kabla ya kila safari ya wawili. Ina hatua saba, na ukiwa peke yako urudishe.

Rebel ningekupa bila kufikiri kama ungeniambia shemeji hasafiri. Muulize kwanza yeye anataka kwenda mbali kiasi gani.